Mtoto akikosa: kituo kinachelewa, sheria iko

Katika mikutano yetu na familia zilizohama vita hapa Mangina, swali moja hurudi: kijana akishikwa kwa wizi, au akitoka kwa Mai-Mai, atapelekwa wapi? Wazazi wanangojea kituo cha kumlea na kumfundisha kazi, asilale gerezani. Tueleze kwa nini kinachelewa, na nini kinawezekana leo.

Sheria ya kulinda mtoto ilitoka tarehe 10 Januari 2009, ikachukua nafasi ya dikrii ya kikoloni ya 1950. Inaagiza mahakama za watoto pamoja na vituo vya serikali vya kuwatunza na kuwaelimisha. Mahakama zilipangiwa makao yake mwaka 2011. Vituo vingi vimebaki kwenye karatasi. Pesa hazikufika. Tena kwetu Beni mauaji makubwa yalianza Oktoba 2014, na Agosti 2018 Ebola ikatokea hapa hapa Mangina. Mpaka Juni 2020 nguvu nyingi za misaada zilikwenda huko.

Wako wanaosema basi gereza litumike. Sisi hatukubali. Gereza la Kangbayi, mjini Beni, lilivamiwa Juni 2017, na tena Oktoba 2020 wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Humo mtoto analindwa na nani?

Lakini sheria haikungoja jengo. Mtoto chini ya miaka 14 hahukumiwi kwa kosa la jinai: hakimu anamwachilia na kumkabidhi kwa asistanti sosiali. Aliyefika 14 lakini hajatimiza 18, hakimu wa watoto anaweza kumrudisha kwa wazazi au kwa mtu wa kuaminika, huku akifuatiliwa. Kosa lisilo zito linaweza kwenda kwenye kamati ya upatanishi, ambako aliyeibiwa naye anasikilizwa. Na mahakama za kijeshi, ambazo hali ya dharura ya 6 Mei 2021 ilizipa kesi za jinai za raia, hazina ruhusa ya kumhukumu aliye chini ya miaka 18.

Shida kubwa ni umri. Waliokimbia usiku waliacha karatasi zote nyumbani. Kadi ya chanjo, kadi ya ubatizo, buletini ya shule, hata ushuhuda wa mkunga au mwalimu, vyote vinasaidia. Viongozi wa wahamaji, andikeni umri wa watoto mnapoandika familia mpya. Na mtoto akishikwa, mjulisheni asistanti sosiali na shefu wa mtaa siku hiyo hiyo, kabla hajapelekwa Beni kama mtu mzima.