Picha za Wakongomani: nani anazikusanya, na mchoraji anabakia na nini?

Mwaka 1973 na 1974, Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa Lubumbashi, alimuchorea mtafiti Johannes Fabian historia yote ya inchi, picha moja kisha ingine, karibu 100. Alichora juu ya kitambaa cha mifuko ya unga. Mazungumzo yao juu ya kila picha yalifanyika kwa Kiswahili chetu hiki. Tshibumba alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, na picha ziko Amsterdam. Mutoto wa Likasi anayetaka kuona namna alimuchora Lumumba, anatafuta mu telefone.

Fabian alikuwa mutu wa masomo. Tajiri anakusanyaka kwa njia ingine. Jean Pigozzi aliona kazi za Chéri Samba na Bodys Isek Kingelez, wote wa Kinshasa, katika maonyesho makubwa ya Paris mwaka 1989. Akaanza kununua mingi, na André Magnin ndiye alimuzungukia Afrika. Mwaka 2019 alitoa zawadi ya kazi 45 za wasanii wa Afrika kwa jumba la MoMA, New York. Mwaka mumoja mbele yake, MoMA ilionyesha miji ya Kingelez, ile ya karatasi na kartoni. Mwenyewe hakuiona: alifariki 2015.

Wakusanyaji wa Afrika wako pia. Sindika Dokolo, mzaliwa wa Kinshasa aliyefariki 2020, aliweka mkusanyo wake Luanda, ijapokuwa utajiri wake ulizusha mabishano mengi.

Sasa makuta. Wengi hawaelewake hapa: picha ikishauzwa, faida ya kesho ni ya ule aliyeinunua. Akiuzisha tena mara kumi ya bei ya kwanza, mchoraji anaweza kosa hata feranka moja. Katika Umoja wa Ulaya kuko sheria inayomupa msanii sehemu ndogo, kwa kawaida 4% ao chini, picha inapouzwa tena kupitia wafanyabiashara wa sanaa, hata jamaa yake miaka 70 kisha kifo. Lakini kwa msanii wa inchi ingine, inategemea kama inchi yake inawapa wasanii wa Ulaya haki ile ile.

Tena sehemu ile inalipwa kwa mutu anayejulikana. Mchoraji wa Goma ao Bukavu anayeuzisha barabarani, bila kutia sahihi na mwaka, bila kubakia na foto ya kazi na jina la mnunuzi, atashindwa kuonyesha kama ile picha ilitoka mu mikono yake.