Pima kasha kabla ya kusajili kadi

Shabiki wa Mpanda anayetaka kucheza EA Sports FC 24 nyumbani halazimiki kununua kompyuta mpya. Dell OptiPlex ya mtumba, zile zilizostaafu ofisini, inaweza kucheza. Ila muuzaji akikwambia "ni i5 hiyo, bosi", muulize ya mwaka gani. i5 ya 2011 si sawa na ya 2015, na gemu lenyewe linaanzia i5-6600K ya 2015, RAM ya GB 8 na nafasi ya GB 100.

Straika hapa ni kadi ya picha. Kiwango cha chini ni GTX 1050 Ti ya GB 4, na nyingi hazidai waya wa ziada wa umeme, hivyo pawa saplai ya ofisini inaimudu. Wengi hupigwa bao kwenye kasha. OptiPlex nyembamba haipokei kadi ya kimo cha kawaida, inataka ile fupi. Kadi ikishatoka Kariakoo hadi Mpanda, kuirudisha ni nauli nyingine.

Na hizo GB 100 utazishusha kwa bando gani? Mfuko ukibana, PES 2017 haina makuu.