Mbegu ya Chinsaga Isipoota, Usiulaumu Udongo

Katika Kisii na Nyamira ni mboga chache ziheshimiwazo kama chinsaga, ambayo kwa Kiswahili huitwa mgagani. Mwanamke aliyejifungua hupikiwa chinsaga ili arudishe damu na nguvu. Majani yake yana madini ya chuma, pamoja na vitamini A na C. Sokoni nako huleta fedha. Lakini mkulima hawezi kuuza kisichoota.

Malalamiko ni yale yale kila msimu: mbegu nyingi husiwa, miche michache huchomoza. Mwenye shamba huulaumu udongo, ama humlaumu aliyemwuzia mbegu. Mara nyingi sababu ni nyingine. Mbegu ya chinsaga itokapo katika ganda lake huwa imelala. Ni hai, lakini haiko tayari kuota hata ikipewa maji ya kutosha. Usingizi huo huisha pole pole ghalani. Mbegu iliyohifadhiwa miezi 3 huota vema kuliko mbichi, na ya miezi 6 huwa bora zaidi. Kwa hiyo mbegu iliyovunwa Julai isisiwe Septemba, bali ingojee mvua za Machi.

Jambo la pili ni mwanga. Mbegu hii hupenda giza na joto, na ikiachwa juu ya udongo, jua huizuia kuota. Yafaa ifunikwe kwa udongo laini, kina cha sentimita 1 tu, kwa maana ikizikwa chini sana mche mdogo hushindwa kuchomoza. Na kwa kuwa nchi ya vilima ina baridi, ichaguliwe sehemu ipatayo jua siku nzima.

Mkulima atakaye mbegu njema na afanye hivi:

1. Atenge mimea yenye afya, asiichume majani.
2. Avune maganda yanapogeuka manjano, kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu.
3. Ayaanike kivulini, apure, apepete, kisha aweke mbegu katika chombo kikavu chenye kifuniko, akiandika mwezi wa mavuno.
4. Wakati wa kusia achanganye mbegu na mchanga mkavu, azisie kwa mistari.

Kabla ya kusia shamba zima, mbegu 100 zifungwe katika kitambaa chenye unyevu na kuwekwa mahali penye giza na joto kwa siku 10. Zikiota 80, mkulima asie bila wasiwasi. Zikiota chini ya nusu nazo ni za juzi, aziache zilale zaidi.