MGUU WA ASKARI: MAUMIVU YA KUVUMILIWA NA MAUMIVU YA KURIPOTIWA



Barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge hupita katika tarafa ya Muhuta ikiwa imebanwa. Upande mmoja ni maji ya Ziwa Tanganyika, na upande wa pili ni vilima vinavyopanda ghafla. Mwezi Machi 2015 mvua kubwa ziliporomosha udongo na mawe huko Gitaza, na barabara hiyo ikakatika. Siku kama ile lori la jeshi halifai kitu, wala gari la polisi. Kinachobaki ni miguu ya askari aliye zamu.

Ni jambo la kustaajabisha, basi, kwamba askari anayeisafisha bunduki yake kila siku, ambaye angeona haya kukutwa na kutu katika mtutu, huweza kumaliza mwezi mzima bila kuutazama unyayo wake. Na mguu ukimwuma hunyamaza, kwa kuchelea kuitwa mtegaji. Mazungumzo yetu ya leo yanakusudia kueleza kwa nini mguu huuma, na jinsi ya kutambua maumivu ya kawaida na yale yasiyostahili kufichwa hata kwa siku moja.

Tukisema mguu hapa tuna maana ya sehemu ya chini, tangu kifundo hadi ncha za vidole. Sehemu hiyo ndogo ina mifupa 26. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Kwa hiyo robo ya mifupa yetu imo katika miguu miwili. Mifupa hiyo imefungwa pamoja kwa kano na misuli, nayo hubeba uzito wa mtu, silaha yake na mzigo wake kwa maelfu ya hatua kila siku. Mguu unapouma, yako maswali mawili ya kujiuliza: unauma mahali gani, na unauma wakati gani?

Tuanze na kisigino. Askari anaamka alfajiri, anakanyaga sakafu, na hatua za kwanza zinamchoma kama amekanyaga mwiba. Baada ya kutembea kidogo maumivu hupungua, kisha jioni hurejea. Hiyo ni dalili ya kuumia kwa utando mnene unaotoka kisigino kwenda kwenye vidole, ambao kazi yake ni kuushikilia upinde wa unyayo. Husababishwa na kusimama sana lindoni, kukimbia juu ya ardhi ngumu, viatu vilivyokwisha soli, au uzito wa mwili uliozidi. Maumivu haya hayahatarishi maisha. Hutulia polepole, pengine kwa miezi kadhaa, mtu akipunguza mbio, akipata soli laini, na kuunyoosha unyayo na misuli ya nyuma ya mguu kila asubuhi kabla ya kushuka kitandani.

Sasa tazama maumivu ya pili, ambayo mwendo wake ni kinyume kabisa. Haya hayapungui kwa kutembea bali huongezeka. Huwa juu ya mguu, karibu na vidole, mahali pamoja panapoweza kuonyeshwa kwa ncha ya kidole, na aghalabu pana uvimbe. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prusia aliyeitwa Breithaupt aliandika habari za askari waliovimba miguu baada ya safari ndefu. Chanzo chake kilithibitishwa baada ya kupatikana kwa mashine ya eksirei, iliyotokana na ugunduzi wa mwaka 1895: mifupa ya askari hao ilikuwa imepata ufa. Haikuvunjwa kwa pigo moja, bali kwa hatua nyingi zilizorudiwa bila mapumziko. Hali hiyo huwapata hasa kuruta wanaoanza kwata, na askari anayerudi kutoka likizo na kutakiwa kwenda mbali siku ile ile.

Hapo ndipo wahenga waliposema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo hupona kwa kupumzishwa, mara nyingi kwa wiki sita hadi nane. Anayejikaza huendelea hadi mfupa unavunjika kabisa. Izingatiwe pia kwamba picha ya kwanza ya eksirei yaweza isionyeshe kitu katika wiki mbili au tatu za mwanzo. Kwa hiyo asionekane mwongo aliyepigwa picha safi naye bado anachechemea.

Sababu ya tatu ni maji. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 huko Ulaya, askari wengi walioshinda ndani ya mahandaki yenye matope na baridi waliharibika miguu, na wengine walikatwa. Maji ya Tanganyika si baridi kama yale. Lakini unyayo unaokaa ndani ya buti lililoloa kwa siku mbili tatu hugeuka mweupe, hukunjamana, huuma, na ngozi yake hufungua mlango kwa vijidudu. Fangasi hukaa kati ya vidole, na malengelenge hugeuka vidonda. Majeshi yalipata dawa yake zamani: kukausha miguu, kubadili soksi, na ofisa kuikagua miguu ya watu wake kila siku kama anavyokagua silaha.

Ya nne ni funza. Mdudu huyu hakuwa wa kwetu. Alitoka Marekani ya Kusini, akafika Angola mwaka 1872, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kuvuka bara zima hadi Bahari ya Hindi, akifuata njia za misafara katika nyayo za wapagazi. Katika vita tulivyovitaja aliwatesa mno wapagazi wa Afrika Mashariki, wale ambao jina la kikosi chao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam. Funza hupenda vumbi na sakafu ya udongo. Hatari yake kubwa ni kidonda anachokiacha, ambacho chaweza kuingiza pepopunda. Na pini moja inayotumiwa na watu watano hupitisha maradhi ya damu. Amtoe mtu mwenye mikono safi, kwa sindano isiyotumiwa na mwingine, na mgonjwa aulizwe kama amechanjwa.

Yako pia maumivu yanayoanza ghafla usiku katika kiungo cha dole gumba, kikawa chekundu na cha moto hata shuka haligusiki. Hilo ni jongo, ambalo pombe na nyama nyingi hulichochea. Linahitaji daktari, si kuchuliwa.

Lakini, ndugu msikilizaji, kuliko maumivu yote, tuogope mguu usiouma. Askari anavua buti jioni na kukuta damu, naye hakuhisi msumari uliomchoma tangu asubuhi. Ganzi ya namna hiyo yaweza kuwa dalili ya kisukari, au ya ukoma, na ukoma una dawa inayoponya. Kidonda kisichouma husahaulika, na kidonda kilichosahauliwa ndicho huleta msumeno wa daktari.

Kwa hiyo yafuatayo yapelekwe kituo cha afya siku ile ile: mguu usioweza kukanyagwa hata hatua nne, kidonda chenye usaha, harufu mbaya, au wekundu unaopanda juu, homa pamoja na uvimbe, ganzi, au mguu uliopoa na kubadilika rangi, kidonda chochote cha mwenye kisukari, na muundi mmoja uliovimba na kuuma, hasa baada ya kukaa sana safarini, maana huenda damu imeganda ndani. Maumivu mengine yapewe mapumziko, na yasipopungua kwa wiki mbili, nayo yaripotiwe.

Neno la mwisho ni kwa wakuu wa vikosi. Askari huficha mguu wake kwa sababu anajua atakavyopokewa. Mkuu anayemcheka anayechechemea hajengi ushupavu. Anapunguza idadi ya watakaofika siku barabara itakapokatika tena. Anayeuliza kila jioni, “Miguu yenu ikoje?” amekwisha kuanza kazi ya kesho. Na kwa askari mwenyewe tunasema: kuripoti mapema ni sehemu ya nidhamu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.