James Earl Jones: Mtoto mwenye kigugumizi aliyekuja kuwa sauti ya Mufasa

Kama umewahi kuangalia filamu ya katuni ya The Lion King, kwenye banda la video au kwenye simu, bila shaka unaikumbuka sauti ya Mufasa, baba yake Simba. Ni sauti nzito na tulivu, kama ngurumo ya mbali. Mwenye sauti hiyo alikuwa James Earl Jones, mwigizaji wa Marekani aliyefariki dunia tarehe 9 Septemba 2024 akiwa na umri wa miaka 93.

Wengi hawajui kwamba alipokuwa mtoto, mtu huyu alikaa karibu miaka minane bila kuzungumza shuleni. Alikuwa na kigugumizi. Sisi wa redio kazi yetu ni sauti, na tunaona kisa chake kina jambo la kutufaa, hasa wenye watoto.

Mtoto aliyenyamaza

Jones alizaliwa tarehe 17 Januari 1931 huko Arkabutla, jimbo la Mississippi. Alilelewa na babu na bibi yake wazaa mama, ambao walihamia naye jimbo la Michigan akiwa bado mdogo na kulima huko. Kigugumizi kilimshika, na kwa kuogopa kuchekwa akaamua kunyamaza. Alizungumza kidogo na watu wa nyumbani na, kama alivyosimulia mwenyewe baadaye, na mifugo ya shambani. Shuleni alijibu kwa kuandika.

Akiwa sekondari, mwalimu wake Donald Crouch aligundua kwamba kijana huyu bubu huandika mashairi. Siku moja Jones alileta shairi kuhusu balungi. Mwalimu akamwambia ni zuri mno, na kama kweli ni lake, basi alisome kwa kichwa mbele ya darasa. Jones alisimama, akalisoma lote, wala hakukwama. Tangu siku hiyo, mwalimu aliendelea kumpa nafasi ya kusoma kwa sauti.

Kwa nini hakukwama?

Kigugumizi si ujinga, wala si uvivu wa ulimi. Mwenye kigugumizi anajua anachotaka kusema, ila maneno hukwama njiani. Hukwama zaidi anapoharakishwa au kuchekwa. Lakini wengi wao hupata nafuu wanapoimba, au wanaposema maneno wanayoyajua kwa moyo. Ndivyo ilivyo kazi ya mwigizaji: maneno yake ameyakariri kabla ya kupanda jukwaani.

Kutoka jukwaani hadi kwenye filamu

Baada ya chuo kikuu na utumishi jeshini, Jones alikwenda New York kujifunza uigizaji. Alijikimu kwa kusafisha sakafu. Taratibu akapata nafasi, zikiwemo za tamthilia za Shakespeare kama Othello.

Mwaka 1968 aliigiza katika The Great White Hope, tamthilia inayotokana na maisha ya Jack Johnson, bondia wa kwanza mweusi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Ilimpatia tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya jukwaani Marekani. Alipoicheza tena kwenye filamu, aliteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 1987 alipata Tony nyingine kwa tamthilia ya Fences, akiigiza mzoa taka mwenye uchungu wa kunyimwa nafasi katika michezo kwa sababu ya rangi yake.

Katikati ya hayo, mwaka 1977, alitoa sauti ya Darth Vader, adui mwenye kofia nyeusi katika Star Wars. Mwilini alikuwa mtu mwingine, David Prowse. Jones alilipwa dola 7,000 tu. Mwaka 1994 akawa Mufasa, na mwaka 2011 alipewa Oscar ya heshima. Leo ukumbi mmoja wa maonyesho mjini New York unaitwa kwa jina lake.

Kigugumizi hakikuisha

Jones hakudai kwamba amepona. Hata uzeeni alisema bado ana kigugumizi, na kwamba huchagua maneno kwa uangalifu anapozungumza. Utulivu ule tunaousikia kwa Mufasa ni wa mtu aliyezoea kulipa kila neno muda wake.

Basi kama nyumbani au darasani kwako yupo mtoto wa namna hiyo, usimmalizie maneno yake, wala usimwambie "sema haraka". Mtazame, msubiri amalize, na wakataze wenzake kumcheka. Mpe wimbo, shairi au hadithi aisome kwa sauti. Mwalimu Crouch hakuwa na dawa yoyote. Alikuwa na muda wa kumsikiliza mtoto mmoja.