Weupe na upofu havitoshi kumpa mdudu wa pangoni jina

MSAFIRI atokaye Lugulu kuelekea Kitale huuona Mlima Elgon upande wake wa kushoto. Mlima huo una mapango, yakiwemo Kitum na Makingeny, yanayosifika kwa ndovu waingiao gizani kuchimba chumvi kwa pembe zao.

Mapango pia huwa makao ya viumbe wasioonekana kwa urahisi. Miongoni mwao ni kolembola, wadudu wasio na mabawa ambao wengi hawafikii urefu wa milimita 6.

Kolembola ana miguu sita, lakini wataalamu wengi humtenga na wadudu wa kawaida. Tumbo lake lina pingili sita tu na kinywa chake kimefichika ndani ya kichwa. Wengi wana kiungo mfano wa uma kilichokunjwa chini ya tumbo. Kikifyatuka, humrusha mbali na adui.

Wale walioishi mapangoni vizazi na vizazi hupoteza macho na rangi, huku papasi na makucha yao yakirefuka.

Hata hivyo, weupe na upofu si ushahidi wa kutosha, kwani kolembola wengi wa udongoni wako vivyo hivyo. Mtaalamu humhifadhi katika pombe kali, humng'arisha kwa dawa, kisha humweka chini ya hadubini. Huhesabu vinywele vya mwilini na meno ya makucha, akivilinganisha na maelezo ya spishi zinazojulikana.

Akithibitisha kuwa ni mgeni, huchapisha maelezo na michoro, humpa jina la Kilatini, na kielelezo huhifadhiwa, aghalabu katika jumba la makumbusho, ili wengine wakihakiki.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2012 kwa Plutomurus ortobalaganensis, kolembola aliyepatikana mita 1,980 chini ya ardhi katika pango la Krubera, nchini Georgia.

Elgon nayo si ngeni kwa utafiti. Mwaka 1932 na 1933, msafara wa Ufaransa uliomjumuisha René Jeannel, bingwa wa wanyama wa mapangoni, ulikusanya viumbe mlimani humo.

Kazi hiyo ina uzito wake. Spishi ya pangoni yaweza kuwa haipatikani kwingine kokote duniani. Pango likichafuliwa kwa moshi, taka au nyayo za wageni, kiumbe asiye na jina hutoweka bila yeyote kujua kwamba aliwahi kuwepo.