Jina la CV ya Ujerumani ni Lile la Pasipoti

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira na uhamiaji mjini Berlin, Septemba 2024, ndugu zetu wa Mbotela, Maringo na Jericho jijini Nairobi hawaishi kututumia CV tuzipitie. Kijerumani chao mara nyingi ni kizuri. Wanakwama juu kabisa ya ukurasa, penye Persönliche Daten (taarifa binafsi), kwenye Vorname (jina la kwanza) na Familienname (jina la ukoo).

Vitambulisho ambavyo wengi bado wanavyo huorodhesha majina matatu bila kusema lipi ni la ukoo. Basi kwenye CV mtu anaweka la ubatizo na la baba, cheti cha KCSE kina yote matatu kwa mpangilio mwingine, na cheti cha lugha cha Goethe kina mawili tofauti. Kwetu hilo halimshangazi mtu. Kwa karani wa Ujerumani anayekagua vyeti, hao ni watu watatu, na faili inalala. Inaudhi, kwa sababu tarehe ya kuzaliwa ni ile ile kwenye karatasi zote na angeweza kuuliza tu. Lakini hasira zetu hazisogezi faili.

Fungua pasipoti ukurasa wa picha, utazame mistari miwili ya herufi kubwa iliyo chini kabisa. Kwenye mstari wa kwanza, baada ya KEN, jina linalotangulia alama << ndilo Familienname. Yanayofuata yote ni Vornamen. Nakili hivyo hivyo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo, na mtihani wa lugha ujiandikishe kwa majina hayo hayo.

Dada aliyeolewa akabadilisha pasipoti aongeze mstari wa Geburtsname, aandike jina la kabla ya ndoa, lile lililo kwenye KCSE. Wengi huuruka mstari huo, na ndio ungewaokoa. Majina yakitofautiana zaidi ya hapo, nenda kwa wakili ule kiapo kwamba yote ni yako, kabla hujatuma chochote.

Mengine ni mepesi. Tarehe huandikwa kwa nukta: 07.03.1998. Uraia ni kenianisch, si Kenia. Anwani iwe ya nyumba unamolala Mbotela, na nambari yake, si sanduku la posta.

Kinachonitia hofu ni CV za saiba zinazobeba nambari ya kitambulisho, dini, hata kabila. Ujerumani ina sheria ya mwaka 2006 inayokataza ubaguzi kazini, basi kabila halihitajiki. Picha na hali ya ndoa ni hiari yako, na dini huulizwa zaidi na taasisi za makanisa. Nambari ya kitambulisho haina kazi yoyote pale, ila kwa tapeli inayo. Na wakala akidai umwachie pasipoti yenyewe ndipo akuandikie CV, mwombe leseni, umtafute kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kabla hujampa hata nakala.